Nisahihishe Nikimaliza

Kassel, Ujerumani
11 Februari 2024

Shangazi yangu Mektrida,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa dirishani, nje theluji imegeuka tope, na mimi ni mzima isipokuwa kiuno kinachouma kwa kunyanyua wazee. Kazi ni ile ile: nawaogesha, nawalisha, nawabadilisha nguo. Kuna mmoja wa miaka tisini, akiniona asubuhi anafurahi kuliko anavyomfurahia mwanawe. Mimi humwogesha nikiwaza kwamba baba yangu anaogeshwa na watu wengine. Wasalimie akina mama wa jumuiya. Binti yako Flavia mwambie namshukuru kwa kupanda huko kutoka Shirimatunda kila Jumamosi na ile simu yake ya kupangusa, maana bila hiyo tusingeonana.

Asante kwa kukubali kunifundisha Kichagga. Nimeamua kuandika barua kwa sababu saa ya somo chumba chako kinajaa watu, kila mmoja anataka kuchungulia aone nilivyonenepa. Na kile kisimu chako cha kitochi hakifai kwa maneno marefu. Haya ni ya wewe na mimi.

Unajua ninachokitaka. Mwezi ujao mama anatimiza miaka miwili kaburini, na tangu azikwe baba hajataka kusikia sauti yangu. Nikipiga, anamrudishia mtu simu. Krismasi ya mwaka juzi alituma ujumbe kwamba nisikanyage Kilema. Anaamini mimi, mtoto wake wa pekee, nilikataa kuja kumzika mama. Sikukataa, shangazi! Wewe mwenyewe ulinipigia Jumatatu, siku tatu baada ya mazishi, ukasema mlinitafuta mkachoka, simu yangu haikupatikana. Nilikuwa kwenye mitihani ya mwisho wala sina habari. Nataka baba alisikie hilo kutoka kinywani mwangu.

Na sasa kiharusi kimemnyang'anya Kiswahili chote, kimemwachia Kichagga peke yake. Mimi Kichagga sina. Mama alikuwa Mnyamwezi, nyumbani Tabora tuliongea Kiswahili tu, likizo kwako ulinisemesha hicho hicho, na baba alipostaafu reli akarudi Kilema mimi nilikuwa nimeshaondoka. Sitaki lugha nzima. Nipe ya kutosha maneno haya tu: kwamba habari za msiba zilinifikia mama akiwa ameshazikwa, na kwamba namwomba anisamehe.

Mwanao,
Tito


Kilema
4 Machi 2024

Mwanangu Tito,

Marahaba. Barua yako nilikabidhiwa jana na katibu wa parokia baada ya misa ya kwanza, kona zimekunjamana lakini imefika. Sisi tupo. Jua limekausha mpaka majani ya kahawa yananing'inia, tunaomba masika yawahi. Ng'ombe mmoja ana mimba. Flavia anaendelea kuwafundisha wazungu Kiswahili kwa kompyuta, anaongea na ukuta saa nzima nyumbani kwake, majirani walidhani amechanganyikiwa.

Baba yako anakula mtori, anamaliza bakuli. Mkono wa kulia umelala. Sikio limekuwa zito, ukitaka akusikie umsogelee. Asubuhi anamwita mama yetu aliyefariki mwaka sabini na tisa, nami naitika, maana nikinyamaza analia.

Humu ndani nimekurudishia barua yako. Nimeipigia mistari kwa wino mwekundu. Makosa ni kumi na manne, mtu mzima, na shule ulikwenda.

Kuhusu masomo, usije ukanuna. Mimi miaka thelathini na minne nilisimama mbele ya darasa la tatu. Samaki mkunje angali mbichi. Kosa ukiliacha lipite mara tatu limeshajenga nyumba, kulitoa ni vita. Kwa hiyo ukikosea nitakukata hapo hapo.

Flavia amependekeza amfikishie baba yako hayo maneno yako. Nimemkatalia. Kwanza Kichagga chake yeye ni cha kuombea chumvi. Pili, mtoto humwomba baba yake mwenyewe, hatumi mdomo wa kukodi. Mimi pia sitakusemea. Utasema mwenyewe, siku utakayokuwa tayari. Atakayejua kwamba uko tayari ni mimi.

Jumamosi tunafanya aina za ndizi.

Shangazi yako,
Mektrida


Kassel
7 Aprili 2024

Shangazi,

Shikamoo. Pasaka nimeila kazini, nikawakaangia wazee mayai. Mmoja amefariki Ijumaa Kuu, yule wa miaka tisini niliyekuambia. Mwanawe alifika saa mbili baadaye. Aliniuliza, "Alisema nini mwishoni?" Nikamwambia aliniomba maji. Akanishika mkono asiuachie.

Nimeipokea barua yangu yenye wino mwekundu na nimecheka sana. Lakini nimeona kitu. Fungu lote la Jumatatu ile uliyonipigia simu hukuligusa. Hakuna mstari, hakuna hata alama ya vema. Fungu la juu yake limejaa, la chini yake limejaa.

Sasa niseme la moyoni, na usinikasirikie. Jumamosi iliyopita nilitaka kukupa kisa kidogo tu, kwamba nilianguka na baiskeli kwenye barafu. Neno la kwanza, ukanikata. La tatu, ukanikata. Nilipofika kwenye baiskeli sikujua tena kama nilianguka au ilianguka yenyewe. Watu nyuma yako wakacheka. Nikakwambia mtandao unasumbua. Mtandao haukuwa na neno, shangazi. Mimi ndiye nilishindwa.

Nilipojifunza Kijerumani, na hicho pia nilijifunza kwa mtandao, mwalimu wetu alikuwa na kalamu. Mtu akiongea yeye anaandika, kimya. Ukimaliza anakwambia, "Nimekuelewa. Sasa tutazame mambo matatu." Nilikuwa nakosea ajabu, lakini nilikuwa naongea! Ukimkata mtu katikati, yale yaliyokuwa yanakuja nyuma yanarudi yalikotoka, na hayaji tena siku hiyo. Nakuomba jambo moja tu: nisahihishe nikimaliza.

Na mbona nimeshajua mshare, kitarasa na kisukari, nimeshajua majani yote ya kulishia ng'ombe, lakini nikiuliza nitasemaje "kuzika" na "kuambiwa" unajibu wakati wake bado? Sihitaji kununua ndizi.

Tito


Kilema
5 Mei 2024

Tito mwanangu,

Marahaba. Pole kwa mzee wako. Huku masika yamekuja kwa hasira. Barabara ya misheni imekatika, maziwa hayashuki Moshi, tunakunywa mpaka paka amechoka. Migomba saba imelala kwa upepo. Baba yako hajambo, ila usiku wa ngurumo aliogopa kama mtoto.

Barua yako niliisoma nikaifungia kabatini siku tatu kwa hasira. Mimi nifundishwe kufundisha! Nikamwonyesha Flavia ili aniunge mkono. Badala yake akasema, "Mama, wanafunzi wangu ningewafanyia hivyo wangenikimbia wiki ya kwanza. Mtu ana pumzi moja ya ujasiri. Ukiikata, anaweza asiipate tena." Nikamwambia anyamaze akakamue ng'ombe. Akaenda, lakini maneno yake yakabaki jikoni na mimi.

Nilikuwa na mtoto darasani, Eliaichi, wa kigugumizi. Nilimkata kila neno kwa kumsaidia, kwa nia njema kabisa, mpaka akaacha kunyoosha mkono. Sasa ni fundi baiskeli hapa njia panda, mtu mzima ana wajukuu, na akikutana nami ananisalimia kwa kichwa. Nilikuwa nikidhani ni kiburi.

Haya basi. Nimenunua daftari. Ukiongea nitaandika, ukimaliza nitasema. Nitajitahidi, ila mdomo wangu una miaka sabini na mmoja, haujazoea kusubiri.

Lile fungu la Jumatatu sikuona kosa ndani yake, ndiyo maana sikuandika kitu. Mtandao ulisumbua siku zile, kila mtu anajua. Tusifukue.

Shangazi yako


Kassel
9 Juni 2024

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo! Leo naandika nikiwa na furaha, vumilia mwandiko. Jua la huku halizami mpaka saa nne usiku, nimekaa nje na chai yangu kama bwana mkubwa.

Jumamosi nne umenisubiri. Nne! Nilikuwa nakuona unavyouma midomo, kalamu inakimbia kwenye daftari, lakini hukusema kitu. Jana nimekusimulia mama alivyokuwa akinifukuza na mwiko kule Tabora, kwa Kichagga, dakika sita nzima, na ukacheka mahali pa kucheka. Halafu ukanisomea makosa kumi na tisa. Sikujali, maana nilikuwa nimeshamaliza. Na yale maneno ya "kuzika" na "kuambiwa" nimejifundisha pembeni. Flavia alimwuliza jirani yenu mzee Mathew, akanitumia kwa sauti. Naomba usimgombeze.

Shangazi, niko tayari. Sitaki kungoja Desemba. Tiketi nimekata ya Krismasi kama ulivyonishauri, lakini kila siku hapa naona wazee wanavyoondoka, hawaagi. Mkalishe baba mbele ya simu. Kata jani la isale kwenye mpaka wa kihamba, shamba letu la ukoo, umshikishe kwa niaba yangu, ajue nimekuja kuomba. Mtu hakatai isale, hata mimi wa Tabora najua. Kisha mniache niseme. Ni pumzi moja tu.

Mwanao mwenye furaha,
Tito


Kilema
1 Julai 2024

Tito,

Marahaba. Baridi imeshika, ukungu hauondoki mpaka saa sita mchana. Tumeanza kuvuna kahawa, vidole vyangu vyote vimekauka. Ng'ombe amezaa ndama jike, tumemshukuru Mungu.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Mimi ningesema ungoje. Kichagga chako kina matege bado, na baba yako ulimi wake hauna huruma, unamjua. Ukisema vibaya anaweza kukuelewa vibaya, na mtu haombi msamaha mara mbili. Desemba ungekuwa umeiva. Ungemshika mkono.

Lakini naona mmeshapanga wewe na Flavia. Jumamosi tarehe 27, saa kumi. Hata hamkuniuliza, mmenijulisha. Isale si ua la kupambia meza, mwanangu. Likishatolewa, mwenye kulipokea hana budi kusikiliza na kusamehe, na kila kilichofichwa kinatoka. Umelifikiria hilo?

Nitamvalisha koti lake la bluu. Sala zangu zipo nawe. Siku hizi silali vizuri, nadhani ni baridi.

Mektrida


Kassel
30 Julai 2024

Shangazi,

Shikamoo. Huku wazima.

Sikujua kama ningeandika. Nimeanza mara tatu nikachana.

Baba alipendeza kwenye koti. Amekonda, lakini macho ni yale yale. Isale lilikuwa kwenye mkono wa kushoto, amelikamata kama ameambiwa asiliangushe. Flavia alishika simu, na wewe ulikaa katikati, kati ya sikio lake na simu. Nilipoita "Baba" aliinua kichwa. Shangazi, aliinua kichwa! Miaka miwili nilikuwa naingoja picha ile.

Nikaanza. Nilikuwa nimeisema sentensi ile bafuni, njiani, mbele ya wazee wasionielewa, labda mara mia tano. Nilipofika nusu ukasema, "Hapana. Sivyo. Rudia tangu mwanzo." Nikarudia. Ukanikata pale pale. Daftari lilikuwa wapi? Mara ya tatu nilifika karibu na lile neno, nikaona mkono wako umeshanyanyuka, na kila kitu kikanitoka kichwani. Sikubakiwa na Kichagga wala Kiswahili. Baba ananitazama, anasubiri, na mimi nimeachama kama samaki. Nikazima simu. Nililia mpaka mwenzangu wa zamu akadhani nimefiwa.

Flavia ananipigia kila siku, anasema tujaribu tena Jumamosi. Siwezi. Najua utakuwa umekaa palepale. Nitakuja Desemba, nitapiga magoti mbele yake, hata nikikosa maneno ataona magoti. Jumamosi usinisubiri tena.

Nimekukasirikia. Naona aibu kuandika hivyo kwa mtu aliyenilea likizo zangu zote, lakini ndivyo ilivyo.

Tito


Kilema
26 Agosti 2024

Mwanangu Tito,

Marahaba. Barua yako imefika. Sisi ni wazima. Kahawa imekuwa nzuri mwaka huu. Ndama anaruka ruka, Flavia amempa jina la mwanafunzi wake mmoja wa Uholanzi, ni upuuzi mtupu lakini tumezoea. Kwaya imepata sare mpya. Mzee Mathew ameng'olewa jino.

Baba yako anaendelea vizuri. Jana alitaka kutoka nje, tukamkalisha juani, akala ndizi mbili. Desemba si mbali. Utamkuta.

Kula vizuri, usikeshe kazini.

Shangazi yako


Kassel
6 Oktoba 2024

Shangazi,

Shikamoo.

Barua yako ya tarehe 26 Agosti nimeikuta kwenye sanduku niliporudi kutoka kuzika. Nilisimama kwenye ngazi na sanduku langu la safari nikasoma kwamba baba amekula ndizi mbili na kwamba nitamkuta. Ulikuwa umeiandika siku saba kabla hajafa. Nimeiweka mezani, sijui niipeleke wapi.

Niliondoka Kilema bila kukuaga. Siku nne nilizokaa mlango wako haukufunguliwa, walisema presha imepanda. Siku ya mazishi nilikuona kwa mbali umeshikiliwa na wanawake wawili, nikakufuata, ukageukia ukuta. Nilidhani ni uchungu wa ndugu yako.

Baada ya mazishi mzee Mathew alikuja kukaa nami pale migombani, walipolala baba na mama. Akaniambia, bila ubaya, "Leo umekuja. Kwa mama yako ulisema huwezi." Nikamwuliza nilimwambia nani. Akashangaa. Akasema, "Shangazi yako. Alisimama mbele ya ukoo wote, Alhamisi jioni, akasema amekupigia na umekataa."

Nikamwambia mzee Mathew ile sentensi. Yote, kwa Kichagga, kama nilivyotaka kumwambia baba. Alinisikiliza mpaka mwisho. Machozi yakamtoka. Nikamwuliza, "Babu, nimekosea wapi?" Akasema hamna. Nikamsihi asinionee huruma, anisahihishe. Akasema, "Mwanangu, hamna kosa hapo."

Nikamwambia na Flavia ile ile. Akainamisha kichwa, akasema hata siku ile kwenye simu yeye hakusikia kosa, alidhani ni ujinga wake.

Shangazi, sikutukani. Wewe ndiye mzazi niliyebakiwa naye. Nakuuliza tu, na jibu litakavyokuwa nitalipokea. Nilikosea nini?

Tito


Kilema
31 Oktoba 2024

Mwanangu,

Marahaba. Flavia ni mzima. Mvua za vuli zimeanza. Habari nyingine sina, na hizi pia nimeziandika kwa kujichelewesha.

Hukukosea.

Niliisikia ile sentensi ikija. Nilikuwa naingoja tangu barua yako ya kwanza, ile niliyoipigia mistari yote nikashindwa kuligusa fungu moja. Ilikuwa safi, Tito. Hata lafudhi ilikuwa ya kwetu. Ungemaliza, baba yako angejua kwamba hukuambiwa, na swali la pili angeniuliza mimi. Nikakukata kwa sababu ndiyo silaha pekee niliyonayo. Mwalimu akisema "sivyo", mtoto hunyamaza. Nimelijua hilo maisha yangu yote.

Mama yako Stella alifariki Jumanne. Wewe mtihani wako ulikuwa Jumatano mpaka Ijumaa. Stella mwenyewe, akiwa kitandani, alisali novena kwa ajili ya mtihani ule, na aliniambia, "Wifi, asivurugwe." Alimaanisha habari za ugonjwa, hakujua anakufa, lakini mimi nilichukua neno lake nikalinyoosha mpaka likafunika msiba. Nikasema ni siku tatu tu, nitamwambia Ijumaa jioni, atalia, atakuja arobaini. Sikukupigia hata mara moja. Nikawaambia ndugu wote wasipige, nimeshapiga mimi.

Alhamisi baba yako akaniuliza mbele ya ukoo, "Tito amepatikana?" Ningesema hapana, angempa mwingine simu ajaribu, na wewe ungepokea mlio wa kwanza. Nikasema nimempata, amesema hawezi. Ilitoka hivyo tu, kwa sauti yangu ya darasani. Niliona uso wa kaka yangu ulivyobadilika. Nikajiambia nitausahihisha uongo huo baadaye, mambo yakipoa. Jumatatu nikakudanganya na wewe. Kisha mwezi ukapita, mwaka ukapita, na kila nikitaka kufungua mdomo naona uso ule. Mimi niliyewaambia watoto wa watu kwamba kosa halilazwi, langu nimelilaza miaka miwili na nusu.

Ndiyo maana nilikufundisha ndizi. Ndiyo maana nilimkataza Flavia asikusemee. Nilikuwa nakupenda na nakuogopa kwa pamoja kila Jumamosi saa kumi. Zile wiki nilizokaa kimya na daftari nilifurahi kukusikia ukiongea, mwanangu, nilifurahi kweli, na usiku sikulala kwa sababu ulikuwa unakaribia.

Nimeshamwambia Flavia. Jumapili iliyopita nimesimama kwa ukoo, mahali pale pale, nikawaambia hukuambiwa, nilisema uongo. Wengine wameondoka bila kunipa mkono. Mzee Mathew alibaki akanichemshia chai. Sikuombi unisamehe. Sijakuletea chochote cha kukulazimisha.

Limebaki moja, na hili hakuna anayelijua.

Siku ile ulipozima simu, Flavia alitoka nje akilia. Tulibaki wawili. Baba yako hakuwa amesikia vizuri, unajua sikio lake, na mimi nilikuwa nimekaa katikati. Aliitazama ile simu iliyozimika. Akanishika mkono kwa ule mkono wake mzima, akaniuliza, "Mtoto alikuwa anasema nini?"

Hapo ndipo ningeweza. Hapakuwa na ukoo, hapakuwa na mtu. Nikamwambia, "Alikuwa anakusalimia."

Akatabasamu upande mmoja, upande unaoweza. Akasema, "Mwambie nimeitikia."

Sikukuambia. Nakuambia leo, mwanangu. Baba yako aliitikia.

Mektrida